Mtani na Chakula cha Matanga

Jumanne, 11 Julai 1916. Baridi, na ukungu haujatoka mlimani tangu asubuhi.

Dada Felista, shikamoo. Tuliahidiana kwamba shajara hii nitaiandika kama naongea nawe. Leo nitasema yote, hata nililokosea.

Naogopa.

Mjomba Anselmi bado yuko msituni. Tangu baba achukuliwe kubeba mizigo ya vita na asirudi, mjomba hajalala nyumbani, asije akachukuliwa naye. Ni msitu uleule wa serikali aliokuwa akiulinda, akifyeka mkuza, ile njia pana ya mpaka, na kumwagilia miche ya misaji. Bwana Misitu alipokwenda vitani, mkuza ukaota majani. Sasa mjomba amejificha kwenye pango alilokaa bibi na mama wakati wa vita vya Maji Maji. Anasema majivu ya moto wao bado yapo.

Leo ilikuwa zamu yangu kumpelekea magimbi.

Nilipofika kwenye misaji, kinyonga alikuwa anavuka njia, yule wa pembe tatu ambaye Bwana Misitu alisema hapatikani ila kwenye milima yetu. Sista anatufundisha kwamba kinyonga ni kiumbe cha Mungu tu. Lakini bibi ametukataza kumruka, nami nikasimama kumngoja apite. Unajua mwendo wake.

Ndipo nikagundua kwamba mbega wamenyamaza.

Askari, mmoja wa wale wanaokuja nyumbani kumtafuta mjomba, alikuwa amesimama nyuma ya msaji. Alikuja mpaka njiani, akamwona kinyonga, akaruka nyuma na bunduki yake. Nikacheka. Dada, sikukusudia.

"Mluguru," akasema, "mdudu wenu huyu kafanana na mjomba wako."

Kwa matamshi yake nikajua ni Mnyamwezi, mtani wetu, na maneno yakanitoka kama tunavyowatania siku zote. "Hana hata bunduki, na bado umemkimbia."

Akacheka. Kisha akatazama kikapu. "Chakula cha nani hicho?"

Kusema uongo ni dhambi. Kusema kweli ni kumfunga mjomba kamba shingoni. Nikakimbilia kwenye utani.

"Cha matanga."

"Matanga ya nani?"

"Yako, mtani."

Akaketi kwenye jiwe, akafunua kitambaa, akala gimbi moja taratibu.

"Mimi sifi mbele ya Mluguru," akasema. "Marehemu ni mjomba wako, na mtani ndiye mzikaji. Mwambie keshokutwa asubuhi nakuja kumzika. Tutakuja wengi, na kamba tunazo."

Akafunika kikapu vizuri kuliko nilivyokifunika mimi, akanirudishia. "Peleka. Chakula cha matanga hakirudi nyumbani."

Akashuka kuelekea mjini bila kugeuka.

Mimi nilirudi nyumbani na kikapu. Niliogopa kwamba amejibanza mahali ananitazama. Kwa hiyo mjomba leo hajala.

Nilipomsimulia bibi, alicheka kidogo pale pa kinyonga. Kisha akaanza kufunga blanketi la mjomba na chumvi kwenye mkeka. Mama akamshika mkono. "Mama, ukimhamisha ndiyo utawaonyesha alipo."

Bibi akamjibu, "Na nikimwacha?"

Wamekaa hivyo mpaka sasa, mkeka katikati yao.

Nimewaza sana. Kama alitaka kumkamata, kwa nini anitajie siku? Kwa nini ale gimbi moja tu, na njaa ile niliyoiona usoni mwake? Lakini labda siku ameitaja ili tukimbilie pangoni, naye afuate nyayo zetu. Sista hajatufundisha lolote juu ya watani. Nikimwuliza, nitalazimika kumweleza mjomba yuko wapi.

Nimesali. Nikaomba pia kwamba yule askari awe mtu mwema. Sijui kama inafaa kumwombea mtu wa namna ile.

Mama anashuka mjini alfajiri na mboga. Ataziweka kurasa hizi chini ya kabichi, naye atasubiri mlangoni pako mpaka umwambie la kufanya, maana jioni ya kesho lazima mmoja wetu apande pangoni au asipande.

Wewe umeolewa na Mnyamwezi, unakula nao na kucheka nao. Niambie, dada: mtani akisema anakuja kuzika, akitaja na siku, anatisha au anaonya?