Shangazi, Usimsifu Tena Baba kwa Unene

S.L.P. 47,
Sumbawanga.
20 Desemba 1976.

Mpendwa Shangazi Atusaye,

Shikamoo. Habari za Tukuyu, na za mvua huko? Baba mkubwa Nsajigwa anaendeleaje na kidonda cha mguu? Tangu ulipotuandikia kwamba ugonjwa wa sukari umefanya akatwe vidole, tunamwombea kila jioni. Sisi tu wazima. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nangoja majibu, na kukaa bure nyumbani kunanipa mawazo mengi. Barua hii tangu asubuhi naianza na kuiacha.

Nakuandikia kuhusu Baba. Ile picha aliyopiga kwa suti mpya, nawe ukamjibu kuwa sasa anaonekana bwana mkubwa kweli, ameitundika sebuleni. Lakini Shangazi, suti ile sasa haifungi.

Unakumbuka alipokuwa bwana shamba wa baiskeli, akizunguka vijiji vya Mwazye na kurudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tangu mji wetu ufanywe makao makuu ya mkoa, anakaa ofisini, na Landrover inamfuata mlangoni. Akipanda kilima cha kanisani husimama katikati, akijifanya anasalimia watu. Wenzake wa ofisini nao ni hivyo hivyo. Sukari imeadimika madukani, basi mwenye nayo hupenda kuonekana anayo. Katika chai ya Baba kijiko kinakaribia kusimama.

Mwezi uliopita mganga wa hospitali alimpima mkojo. Alisema sukari haijaonekana, ila kwa kuwa kaka yake anaumwa, asizidi kunenepa. Apunguze chakula na atembee kwa miguu sasa, kabla ugonjwa haujaingia. Baba alisikia "haijaonekana" tu. Alirudi akicheka, akachinja jogoo.

Mimi ndiye ninayempakulia. Jumapili nilipunguza ugali wake kidogo. Jirani yetu Mzee Modesti, ambaye hamkosi mtu kwa utani, alikuwa mezani. Akaitazama sahani, akasema, "Lutengano, leo umepewa chakula cha kuku! Au mkeo anataka ukonde, wanawake wasikutazame?"

Baba akacheka, kisha akaniambia, "Suma, ongeza, mama. Watu watasema kwangu kuna njaa."

Niliongeza, Shangazi. Maneno yote ya mganga nilikuwa nayo mdomoni, nikaongeza ugali na samaki wa migebuka, nikakimbilia jikoni. Huko Mama naye akanikaripia nisimtie aibu, maana mume akikonda anayesemwa ni mke.

Wewe ni dada yake mkubwa, na hakuna mwingine ambaye Baba humwogopa. Tafadhali mwandikie upesi. Mweleze kidonda cha Baba mkubwa kilivyo unapokifungua asubuhi, na kwamba naye zamani alisifiwa mwili hivyo hivyo. Mwambie aende ofisini kwa miguu. Mwambie ugali umepungua kwa amri yako, ili Mama asisemwe. Mimi usinitaje.

Unajua barua zako husomwa baada ya chakula, wote tukiwa tumekaa, na msomaji ni mimi. Andika kwa ukali, Shangazi. Niliyoshindwa kuyasema nitayasoma kwa sauti, wala sitapunguza hata neno.

Msalimie sana Baba mkubwa, na Sadoki na Elizabeth. Mungu avilinde vidole vyake vilivyobaki, na akupe nguvu za kumuuguza.

Ni mimi bintiyo nikupendaye,
Suma