Ujumbe Uliomtumia Salim

Dada Amina,

Barua hii nimeiandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, asubuhi nzima. Najua ungecheka.

Tangu tukuzike, nyumba hii haina mtu wa kunibishia. Presha ya macho iliponiondolea nuru, wewe ndiwe uliyenisomea magazeti na kuziandika hasira zangu kwenye simu. Nikisema andika "wezi wakubwa hawa", wauliza, "Wote, au una majina?" Sasa nasomewa na sauti iliyomo ndani ya simu. Tanzia na bei ya nyanya inazisoma kwa mdundo mmoja, na Kiswahili chetu inakitafuna kama mgeni aliyeshuka ndege jana. Na haibishi. Hilo ndilo linaloniua.

Binti yako Zainabu alikuja kutoka Kilifi, akakaa siku tatu kunifundisha. Kumbe ukigusa kioo mara moja hakifunguki kitu. Simu yakutajia tu kilichopo chini ya kidole. Ukitelezesha kidole kulia, yakusomea kinachofuata. Ukitaka kufungua, wagusa mara mbili, upesi, bila nguvu. Mimi nilikuwa nakandamiza. "Mjomba, hiyo si kengele ya mlangoni!" Ana ulimi wako.

Alipoondoka, nikaanza kuzipekua meseji za zamani peke yangu. Natelezesha, nasikiliza, natelezesha. Nikafika kwa Salim.

Waukumbuka ujumbe ule. Mdogo wetu alikuwa amekubali usimamizi katika kiwanda cha chumvi kule Marereni, nami nikiwatetea vibarua wa chumvi gazetini kila wiki. Nilikwambia uandike: "Kwangu usikanyage tena. Wewe si ndugu yangu." Uliandika, kisha ukasema, "Haya, imekwenda."

Simu ikanisomea kilichokwenda: "Salim, nimeumia sana. Nipe muda. Nitakuita mwenyewe."

Na jibu lake: "Sawa, kaka. Nangoja."

Nilirudi nyuma nikasikiliza tena. Na tena.

Dada, nilikasirika! Mimi, niliyegombana na wahariri kwa kunihamishia koma moja! Nilisimama katikati ya chumba nikakupigia kelele, na wewe... kimya. Ningekupa kila nilichonacho unijibu japo tusi moja.

Halafu nikakaa. Siku ya maziko yako mtu alinishika mkono toka msikitini mpaka kaburini. Nilimjua kwa kikohozi chake. Nikajiambia, huyu hana haya, nimemfukuza na bado yuaja. Kumbe hakufukuzwa. Alikuwa akingoja kuitwa, miaka minne, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwona jeuri.

Ulifanya makosa, na ningekuwa nawe hapa tungezozana hadi majirani watoke nje. Maneno yangu ni yangu. Lakini ndugu bado ninaye, na si kwa hekima yangu.

Jana nilimwandikia. Nilianza na haki za vibarua, nikajaza kioo kizima, nikafuta. Yakabaki maneno mawili: "Salim, njoo." Nikatafuta mahali pa kutuma, nikagusa mara mbili. Anakuja Ijumaa.

Pumzika, Dada. Mola akupe nafasi na nuru huko uliko. Habari ya chumvi sijamsamehe, na nitamwambia hivyo usoni. Nakuahidi jambo moja tu: nitamwambia akiwa ameshakaa, na chai mkononi.

Nduguyo,
Athumani