Sentimita Saba za Wodi Mpya

Jumatatu, 3 Machi

Wewe uliyefungua daftari hili bila ruhusa – nakusihi kwa mama aliyekuzaa, lifunge, na mdomo wako pia. Usimwambie Msanifu, mkuu wa ofisi yetu. Usimwambie hata kaka yangu. Muda wangu wa majaribio kazini umebaki wiki mbili, nami nimeharibu.

Kazi yangu ni ndogo: karani wa ofisi ya michoro. Naingiza vipimo kwenye programu, nachapisha, napeleka. Leo nimeukata mchoro wa zahanati kwenye kompyuta niuone kwa ubavu. Kumbe sakafu ya wodi mpya haikutani na ya zamani! Mlangoni pana kidato cha sentimita saba. Kitanda cha magurudumu kitapitaje?

Nimevuta kuta chini. Zimerudi juu. Nimezima kompyuta, nimewasha. Kidato kipo palepale.

Jumanne, 4 Machi

Nimekagua mistari ya leveli, ile inayoonyesha kimo cha sakafu, mmoja mmoja. Wodi zote mbili zinasoma sifuri. Sasa tofauti inatoka wapi?

Mama Penseli, mchoraji wetu wa siku nyingi, kaniona natoka jasho chini ya feni. Akavuta kiti. "Mwanangu, mbona unaitazama hiyo skrini kama imekuja kukuposa?" Nikamwonyesha. Nilitegemea makelele. Akauliza tu:

"Sifuri yako iko juu ya nini?"

"Juu ya sakafu, mama."

"Sakafu ipi? Zege au kigae?"

Nikafungua karatasi zote mbili za vipimo. Mpimaji aliipima wodi ya zamani juu ya kigae. Injinia, katika jedwali la wodi mpya, kaanza kuhesabu juu ya zege tupu. Mimi nikazipa sifuri zote mbili mstari mmoja! Zege jipya likalingana na kigae cha zamani. Likija kuwekwa saruji ya kusawazisha na kigae chake – saba juu.

"Mimi nilipoanza niliwajengea walimu choo cha kuparamia," akasema. Nikacheka mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko. Mungu amzidishie.

Jumatano, 5 Machi

Nimeushusha mstari wa wodi mpya sentimita saba. Kuta zimetii. Madirisha yamegoma, yakabaki yananing'inia – yalikuwa bado yameshikizwa kwenye mstari wa zamani. Nimeyahamisha yote kumi na tisa, moja baada ya jingine. Nimekata tena. Sakafu sawasawa! Nilitaka kuibusu kibodi.

Halafu nikakumbuka. Mchoro wenye kosa ulishafika kwa mafundi Ijumaa iliyopita, nimeupeleka mwenyewe. Zege linamwagwa Jumamosi.

Mama Penseli hakunisemea. "Kwa Msanifu utaingia mwenyewe. Mimi nitakaa mlangoni, ukizimia nikudake."

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema! Yote, kwa pumzi moja. Msanifu kavua miwani, kaifuta, kaivaa. Kisha akasaini mchoro mpya.

"Ahsante kwa kuja kabla ya zege. Baada ya zege ningeambiwa na mgonjwa."

Kuhusu ajira yangu – hakusema kitu. Nilisimama kidogo, labda ataongeza. Akaongeza: "Upeleke mwenyewe. Usiondoke huko mpaka umeona kwa macho yako mbao zimeshushwa."

Nashukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Naandikia hapa hapa kwenye ujenzi, nimekalia mfuko wa saruji.

Msimamizi wa mafundi kanipokea kwa mdomo mkali: jana nilipouleta mchoro mpya alikuwa na kazi kwingine, kauona leo. "Mbao za kuzuia zege nimepigilia siku mbili, karani unaniletea karatasi!" Akaisoma saini. Akaguna. Akachukua nyundo. Huyu naye sitamsahau.

Pembe tatu zimeshushwa. Bado moja. Lori la zege liko getini, pipa linazunguka, dereva anapiga honi – zege halisubiri mtu. Msimamizi anapaza sauti: "Karani, acha barua za mapenzi! Njoo ushike mpira wa maji tulinganishe pembe ya mwisho, hizo saba ni zako!"

Naenda. Daftari naliacha dirishani mwa wodi ya zamani. Kama Mama Penseli au Msanifu ananitafuta: apite korido yote, atoke mlango wa bluu, akunje kushoto. Simu asipige, mikono yote miwili itakuwa kwenye mpira. Aite tu "Karani!" – kwa nguvu, kuna kelele – na asikanyage mbao ya pembe ya mwisho, bado haijapigiliwa.