Nilimpa Mama Mkwe Nyota Moja

Shangazi Devotha mpendwa, shikamoo. Nakuomba barua hii uitangulize mbele ya nyingine, maana zimebaki Jumamosi tatu tu nikatambulishwe ukweni, na mimi usingizi umenikimbia, na chakula, ambacho ndicho kilichoniponza, hakipiti kooni.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na moja, afisa mifugo, kwetu ni Babati, nimeletwa Mbinga kikazi na huu ni mwaka wa nne, na kama ujuavyo sisi watumishi wa kuhamishwa kila mtu anafika na kwao moyoni, mwingine analilia ndizi zake, mwingine maziwa yake ya mgando, mimi nilikuwa namlilia mbuzi wa kuchoma, zile mbavu nzima zinazochomekwa kwenye vijiti kuzunguka moto mkali, chumvi tu na basi, na kwa kuwa sikumpata nikaanza kufuata kila panapofuka moshi. Nikala kitimoto, yaani nguruwe, cha Mbinga mjini kwa ndizi na kachumbari, nikala cha Namswea ambako wanakuchomea kipande kikubwa halafu wanakikatakata mbele yako kwenye gogo, nikala mishikaki ya njia ya Ngaka inayochomwa upesi upesi kwa ajili ya madereva wa malori ya makaa ya mawe, na wenzangu Waislamu wa ofisini wakanipeleka kwa kuku wao wa kienyeji anayepakwa ndimu mpaka mfupani, na kote huko nilikuwa naandika kwenye simu, moto nyota ngapi, chumvi nyota ngapi, na muda wa kungoja nyota ngapi.

Mchezo ukakua, shangazi. Nikafungua kundi la WhatsApp la wapenda choma, wakaingia walimu, manesi, madereva, mpaka mtendaji wa kata mmoja, na watu wakawa hawaendi kula mahali kabla sijasema neno, wakaniita Mkaguzi, na nikiri kwamba jina lile lilinipanda kichwani.

Sasa siku moja, yapata miaka miwili iliyopita, nilikwenda Lituhi, kule ziwani, kikazi na dereva wetu Aidan, na mchana tukasimama kwa mama mmoja anayechoma mbasa kando ya barabara, na nikamkuta kawalaza samaki juu ya uchanja mrefu, moto wenyewe huuoni, ni moshi tu na joto kidogo, nikamwambia nina haraka, akaniambia, "Mwanangu, bado hawa. Kaa kwenye kigoda ungoje." Nikangoja kidogo, nikainuka, nikamwambia anipe hivyo hivyo, akakataa, nikasisitiza kwa sauti ile ya ofisini, akanipa. Aidan hakutaka wa kwake, alisema yeye atangoja, na akangoja kweli huku mimi nimekaa kwenye gari nahema kwa hasira na mdomo wangu una ladha ya samaki mbichi, na humo humo garini nikaandika kwenye kundi, nyota moja, na chini yake nikaweka maneno haya ambayo leo natamani kidole changu kingevunjika kwanza: "Mama huyu hachomi samaki, anawaanika."

Watu walicheka wiki nzima. Ukawa msemo, mtu akichelewa kazini anaambiwa ameanikwa Lituhi, na mimi nikajiona bingwa wa maneno.

Mwaka uliofuata nikakutana na mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa mjini, nitamwita Natalia ingawa si jina lake, msichana mcheshi, hapendi makundi ya simu hata moja, tukapendana, na mimi nilijua tu kwamba kwao ni ziwani na mama yake ni mfanyabiashara mdogo. Mwezi uliopita, washenga wakiwa wameshapangwa chini ya mzee wetu wa ofisi Bwana Joakim, Natalia akanionyesha picha ya mama yake ili nisije nikaamkia mtu mwingine siku hiyo, na shangazi, nilipoitazama nilitamani ardhi inimeze, ni yule yule, uchanja ule ule, hata kigoda kilikuwepo.

Nikajifanya nauliza biashara inaendaje, na Natalia akaniambia kwa uchungu kwamba moto ule ndio uliomsomesha yeye na wadogo zake watatu mpaka leo, lakini kuna afisa mmoja mjinga aliandika maneno ya kumdhihaki mama, na madereva wakawa wanapita wakipiga honi na kuuliza kama ameshaanua, na mama akaona aibu, akaiondoa meza yake barabarani, siku hizi anachomea uani kwa wateja wa zamani tu. Akasema, "Siku nitakayomjua huyo mtu, ataniona." Mimi nikanywa maji.

Nimewaza kunyoa ndevu, nimewaza kuvaa miwani, nimewaza kuomba uhamisho nipelekwe Tunduru, nimewaza kwenda na mbuzi mnono nimchome mwenyewe pale ukweni wasahau habari za samaki. Ujumbe ule nimeufuta lakini watu wanao. Na jambo moja zaidi linanitesa, Natalia anasema mama yake hakuuliza kabila langu, wala dini, wala cheo, ameuliza kitu kimoja tu, "Huyo kijana anajua kungoja?" na mimi sijui nimjibu nini, maana harusi tumeipanga mwakani na sioni kama huko ni mbali. Nampenda msichana huyu. Niseme nimpoteze, au ninyamaze niombe Mungu mama awe amesahau sura yangu?

Ni mimi, Mkaguzi, Mbinga.

*

Marahaba, bwana Mkaguzi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa kicheko, ya pili kwa hasira, na majibu haya yametoka kwenye ile ya pili.

Wewe umesomea mifugo. Nani alikuambia mbasa ni mfugo? Mbuzi wa kwenu anataka moto mkali, sawa, kila nchi na choma yake, na siku ukinialika Babati nitakula mbavu hizo bila kukufundisha. Lakini mbasa ni samaki wa mafuta na nyama laini. Anapasuliwa mgongoni, anatiwa chumvi, analazwa ngozi chini mbali na moto, na anaachwa mafuta yake yampike taratibu. Ukimharakisha, utakula makaa nje na ubichi ndani, na ubichi huo ndio ulioula wewe, kwa kutaka mwenyewe. Mama alikuambia bado. Ukamtolea sauti ya ofisi, ukachukua kitu ambacho hakijaiva, kisha ukamwandika kwamba hajui kupika. Methali ya haraka sikutajii, umeijua tangu darasa la pili na haikukusaidia kitu.

Mkaguzi wa kweli siku ile alikuwa Aidan. Na kwa kuwa wasomaji wangu wengi nao ni wageni huku na wanapenda kula vizuri, wacha niwaambie bure: choma nzuri haipatikani kwa nyota za simu. Tafuta mahali ambapo wenyeji wamekaa wanazungumza mambo yao na hakuna anayeuliza chakula kiko wapi. Hapo kaa.

Turudi kwako. Ndevu ziache. Kijana, unataka kuishi miaka arobaini na mkwe ambaye kila akikuandalia sahani wewe unatazama chini? Na Tunduru nako watu wanachoma, utawatukana na wao.

Anza na Natalia, leo, kabla gazeti hili halijamfikia, maana ametajwa kwa jina la uongo lakini kigoda cha mama yake atakitambua. Mwambie mwenyewe, kwa maneno machache, bila kujitetea kwamba ulikuwa na njaa. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki, na usimtumie rafiki akamtulize.

Jumamosi hii, si ile ya tatu, panda gari uende Lituhi peke yako. Bwana Joakim mwache nyumbani. Mshenga hubeba posa, habebi makosa ya mtu. Mbuzi pia mwache. Ukifika, amkia, useme, "Mama, mimi ndiye niliyeandika." Kisha kaa kwenye kile kigoda mpaka mama mwenyewe aseme tayari, hata kama jua litakukuta hapo likuache hapo. Usiangalie saa. Ukishiba, omba ruhusa yake ndipo uandike kwenye lile kundi lako, na usithubutu kuweka nyota tano, watasema unamhonga mkwe. Andika ulichofanya: kwamba uliambiwa ungoje ukakataa, ukala samaki ambaye hajaiva, ukamsingizia mpishi. Ulimwaibisha mbele ya watu, basi mrudishie heshima yake mbele ya watu hao hao. Mbuzi wako utamleta siku ya mahari umchome kama mnavyochoma kwenu kando ya uchanja wa mama, mioto miwili, na asiwepo wa kutoa nyota.

Sasa kuna jambo ambalo sikupanga kulisema. Mwezi uliopita nilipokea barua kutoka ufukweni, kutoka kwa mama mmoja mchoma samaki. Aliandika kwamba binti yake amemtumia picha ya mchumba, na kwamba sura ile anaikumbuka, ni kijana aliyelazimisha apewe mbasa mbichi na siku hiyo hiyo akamtangaza. Aliniuliza amwambie binti yake au anyamaze. Nilimjibu kwamba anyamaze kwanza, akupe nafasi ya kusema kwa kinywa chako. Swali lake la kungoja halikuwa la harusi, baba.

Barua yako ilipofika nilimpigia simu kumwomba ruhusa nikuambie haya. Alicheka, akasema, "Mwambie aje, dada. Siku hiyo meza nitaitoa tena barabarani."