Siku Kanisa Lilipojisikia Likiimba

Mjukuu wangu Wafula,

Huku Mbale hatujambo, na dada yako amejifungua msichana. Unauliza vyombo vya kanisani vipigwe kwa sauti gani.

Nilipokuwa msichana, miaka ya hamsini, kwaya ya Jinja ilituletea ngoma na tarumbeta siku ya Pasaka. Zilivuma hadi tukanyamaza. Nikasimama, shangazi akinivuta gauni niketi.

"Mwalimu, hatusikii sauti zetu!"

"Tupunguze hadi wapi?" akauliza mwalimu wa kwaya yao.

"Hadi nimsikie Mama Nambozo, benchi la nyuma."

Wakapunguza. Sauti ya kikongwe yule ikapanda, kisha ya jirani yake, kisha kanisa zima likaimba mpaka wapita njia wakaingia. Mwalimu akaweka tarumbeta chini, akaimba nasi huku machozi ya furaha yakimtoka.

Bibi yako, anayeimba hadi leo.