Macho ya Mjukuu Wako

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na uniitikie hukohuko uliko. Goti linaendeleaje? Kaka aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unashuka ngazi bila kushika ukuta, ila wifi akasema nyuma yake kwamba kaka anatia chumvi. Nimeamua kumwamini wifi, kwa hiyo tafadhali shika ukuta. Sisi huku miili ni mizima. Mkweo hajambo, karakana yake imejaa friji za watu kwa sababu ya joto hili. Mama mkwe bado yuko nasi na anakusalimu sana. Anasema wewe ndiye mkwe pekee asiyemchosha, kwa kuwa uko mbali.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako, Baba, unaiweka sauti ya juu mpaka jirani anachangia mazungumzo, na kila ukiniuliza kama mtoto hajambo, najikuta nimeshajibu hajambo kabla sijafikiri. Leo umeme umekatika, studio haina mteja, na mjukuu wako ameketi kwenye mkeka karibu na miguu yangu. Amelipindua gari lake la plastiki na anazungusha gurudumu moja, lilelile, tangu nilipochukua kalamu. Basi nimepiga moyo konde, nakuandikia.

Roho yangu haitulii juu ya mtoto huyu. Ulinifundisha kazi ambayo sasa inanitesa. Wewe ndiye uliyenionyesha namna ya kumpata mtoto mchanga mbele ya kamera: kutikisa funguo, kugonga ulimi, kumwita kwa ile sauti nyembamba ambayo mpita njia akiisikia anadhani umerukwa na akili. Watoto wa mtaa mzima wanapita hapa kwa picha za pasipoti na za kumbukumbu. Nawaona wa umri wa wangu, mmoja baada ya mwingine, na nikiwaita wananitazama. Wapo wanaolia, wapo wanaocheka, wapo wanaokunja uso kama mahakimu, lakini usoni wananitazama. Wangu namwita kwa sauti hiyohiyo, kwenye kiti hichohicho, na ni kama nimeliita pazia.

Usiniambie ni masikio, hilo nililichunguza mwanzo kabisa. Akiwa chumbani nami nikafungua pakiti ya biskuti jikoni, anakuja anatambaa mbio kama ameitwa kazini. Kusikia anasikia. Ni mtu anayemwita ndiye anayeonekana hamhusu.

Juzi mshonaji wa duka la pili alimleta mwanawe, ambaye wamepishana na wangu siku chache tu. Yule mtoto aliuona mwavuli wangu wa taa, akaunyooshea kidole, kisha akageuka kumtazama mama yake ahakikishe kwamba naye ameuona. Mama mtu akajibu kivivu tu kwamba ni taa hiyo, huku akipekua mkoba kutafuta kitambaa cha kumfuta makamasi. Hakujua alichopewa. Mimi nilijitia narekebisha kamera kwa sababu machozi yalikuwa yamenilengalenga. Wangu hajawahi kunionyesha kitu chochote kwa kidole, Baba, na mwaka ameshaupita. Akitaka kopo lifunguliwe anaushika mkono wangu, anauweka juu ya kopo, na kuusubiri mkono ufanye kazi. Usoni kwangu hafiki.

Neno lenyewe nililipata kwa mteja. Alikuja mama mmoja na binti yake wa kama miaka saba, wanataka picha za shule. Nilitikisa funguo zote nilizonazo, na binti yuko na pindo la gauni lake tu, analikunja na kulikunjua. Mama yake akaniambia kwa upole nisijichoshe, mwanawe ana usonji, nimpige hivyohivyo alivyo. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, walijuaje. Akasema wao walichelewa, walikaa wakisubiri aongee, ila akikumbuka nyuma anaona dalili zilikuwepo mapema: haitiki jina, hanyooshi kidole, anafurahia feni kuliko watu. Akasema pia kwamba wapo watoto wanaokuwa hivyo kwa muda, kisha wanachangamka kama wenzao, ndiyo maana heri mtu ampeleke kwa wataalamu mapema kuliko kukaa nyumbani anakisia. Picha zake nilizikata zikaenda upande, ikabidi nimtolee nyingine.

Tangu siku hiyo sikai nikatulia. Namwita nikiwa nafua, namwita nikiwa na mteja, namwita nikiwa bafuni na sabuni machoni. Akigeuka mara moja, siku hiyo nyumba nzima inakula vizuri. Nikirudia asipogeuka, najiambia kwamba ile ya kwanza aligeukia nzi. Mama mkwe nimemchosha. Anasema mjukuu wake ni mtu mwenye shughuli zake, hana muda wa kuitwaitwa na mama asiyekuwa na la kumwambia. Walicheka wote, nami nikacheka, kisha nikatoka uani nikamwita kupitia dirishani.

Hapa nimeweka kalamu chini nikamwita tena. Hakugeuka. Tuendelee.

Mkweo simlaumu, na wewe usimlaumu. Anampenda mwanawe kupita kiasi. Akirudi jioni hata mikono hajanawa anambeba mabegani na kumzungusha chumba kizima, na mtoto anacheka mpaka anakwama pumzi. Kwa hiyo nikimweleza wasiwasi wangu ananiuliza ni mtoto gani huyo ninayemsema. Anasema yeye mwenyewe alichelewa kila kitu na leo anatengeneza friji zinazowashinda wenzake. Nikizidi kumbana, anatoa ile barua yako mfukoni. Unaikumbuka, ile uliyomwandikia baada ya kupokea picha ya mjukuu wako ya mwisho. Ulimwambia kwamba umepiga watoto maisha yako yote, na mtoto anayeikabili lenzi kwa macho kama yale hana kasoro yoyote, amwambie mkewe aache kujitafutia ugonjwa wa moyo. Anaisoma kwa sauti, anaikunja, anairudisha mfukoni, na hapo kesi imekwisha. Ameshaniambia wazi kwamba siku wewe utakaposema mtoto aonwe na daktari, atafunga karakana ampeleke mwenyewe.

Kliniki nako mambo yaliniharibikia. Siku ya chanjo nilimweleza nesi yote, hata la kopo. Alinisikiliza vizuri, akaanza kumchezea mtoto, akamwita, akamwonyesha mwanasesere, na nikamwona anakunja uso na kuchukua kalamu amwandikie rufaa ya kwenda kwa daktari wa watoto. Ndipo mama mkwe, kwa nia njema kabisa, akaitoa picha hiyohiyo kwenye mkoba wake, maana nilimtolea nakala, akamwambia nesi atazame mwenyewe jinsi mtoto anavyomtazama mtu. Nesi aliitazama, akatabasamu, akasema basi huenda leo amechoka tu, tungoje tuone atakavyokuwa miezi ijayo. Kalamu akairudisha. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na mdomo wangu, na sikusema kitu.

Baba, sikusema kwa sababu ya jambo ambalo sasa nakwambia wewe kwanza.

Picha ile ni ya uongo. Mjukuu wako hakuwa ananitazama mimi, wala hakuitazama kamera. Uliponiandikia kwamba unataka picha moja nzuri ya kutundika sebuleni, nilihangaika naye siku nzima nikapata visogo na masikio. Nikaona aibu. Binti yako, anayesifiwa kwamba hata jiwe analipata likitabasamu, anashindwa na mwanawe wa kumzaa. Kwa kuwa najua anavyopenda vitu vinavyozunguka, nilichukua kifuniko cha kopo la maziwa, nikakitoboa, nikakining'iniza kwa uzi juu kidogo ya lenzi, nikakizungusha. Akainua macho. Ile furaha unayoiona, ule uso ambao wewe ulisema unakukumbusha Mama aliyetutoka, ndio huo. Pale sebuleni kwako, anayetazamwa ni kifuniko.

Nilikutumia nikidhani nakupa raha tu. Sikujua kwamba ingekuwa ushahidi, kwamba kila nitakapofungua mdomo nitaonyeshwa picha niliyoipiga mwenyewe. Na wewe, uliyekuwa unagundua hata mteja aliyebana pumzi ili tumbo lisionekane, hili hukuligundua. Sijui nijisifu au nilie.

Na bado sijamaliza. Kile kifuniko sikukitoa. Wateja wakiisha nafunga mlango, namketisha kwenye kiti, nakizungusha, kisha naitoa kamera na kuuweka uso wangu mahali ilipokuwa. Pale chini yake, kwa muda mfupi, mwanangu ananitazama kama watoto wa wenzangu wanavyowatazama mama zao. Najua hanioni mimi. Nakaa palepale mpaka uzi uache kuzunguka. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyothubutu kusema, na ndiyo sababu iliyonifanya nione kwamba lazima nimwambie mtu, maana nimeanza kuupenda uongo wangu kuliko kumtafutia mtoto msaada.

Huenda hana kitu. Huenda barua hii ikakufikia ameshaanza kuniita mama na utanicheka mpaka goti lipone. Ninachotaka ni aonwe na anayejua, sasa, badala ya kungoja kwa sababu ya kifuniko. Kwa hiyo nakuomba uyafute yale maneno yako. Mwandikie mkweo, au mpigie simu, hata kwa sauti hiyo ya juu, umwambie kwamba hukumwona mtoto, uliona kazi ya mikono yangu. Kunikasirikia una haki, ila nikasirikie baada ya kumwandikia.

Ndani ya bahasha nimekuwekea picha nyingine. Hii sikumtegea kitu wala sikumwita. Ameinamia gurudumu lake, unamwona shavu na kope na kidole kimoja. Ametulia. Ni mzuri sana, Baba, nilikuwa sijamwona vizuri kwa siku nyingi.

Nisalimie kaka, wifi na watoto wao. Wifi mwambie kitambaa chake nimekipata, sema rangi imepishana kidogo na ile aliyoitaka. Kula kwa wakati, na ukuta uushike.

Barua hii ataipeleka posta mkweo, kama anavyofanya siku zote akienda karakana. Bahasha sijaifunga, na nitamwambia asome kabla ya kuifunga.

Ni mimi mwanao,
Fundi Mdogo