Nimejivuta Nyuma Kidogo

Tiberia, nyumbani kwa Simha

Mwanangu mpenzi Yomtov,

Salamu zangu zikufikie huko Safedi, wewe na mkeo Palomba na mjukuu wangu Joya. Natumaini mu wazima. Kikohozi cha Joya kimepungua? Mfungeni kitambaa shingoni, asubuhi za huko zina baridi. Mimi sijambo. Mama yako mkubwa Simha anakusalimu. Ananilisha samaki kama anayenenepesha bata. Mwandiko wangu uuvumilie, herufi nilijifunza kwa kuwachungulia kaka zangu wakisomeshwa.

Ujumbe wako nimeupata kwa yule muuza sufu. Unasema majirani wanashangaa nimekaa huku muda wote huu kwa ajili ya kutibu magoti tu kwenye chemchemi za maji ya moto, na wewe umeamini Palomba ndiye aliyenifukuza. Unasema ni mke asiyejua kitu: hakandi unga, hawashi taa ya Sabato, mtoto akilia hamshiki. Na kwamba Sabato hii ikipita utampa hati ya talaka. Ndiyo maana naandika haraka. Soma mpaka mwisho kabla hujaenda kwa marabi.

Unakumbuka jioni ile ulipotueleza mezani mliyofundishwa na mwalimu wenu? Ulisema hapo mwanzo Mungu alijaa kila mahali, hapakuwa na pengo hata la kupitisha sindano. Basi alipotaka kuumba ulimwengu akajikusanya, akajivuta nyuma, pakabaki uwazi, na humo ndimo mbingu na nchi zikapata pa kukaa. Nikakuuliza, Mungu naye anakosaje nafasi? Ukacheka, ukasema, "Mama, wewe kula dengu zako."

Nikala. Lakini Palomba hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi, kwa sababu kiti chake, kile cha karibu na mtoto, nilikuwa nimekikalia mimi.

Tangu siku hiyo nikaanza kutazama. Akienda kukanda unga, anakuta nimeshaukanda. Ijumaa akija kuwasha taa, inawaka tayari, maana mimi naogopa jua lisije likazama kabla hatujawasha. Joya akikohoa, nimefika kabla mama yake hajainuka. Mara moja nilimuuliza mbona siku hizi haimbi kama alipokuja. Akanijibu polepole, "Niimbe wapi, mama?" Nikadhani hakunisikia vizuri, nikamwambia, "Si hapa hapa nyumbani?"

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Simha halijui. Magoti yangu hayaumi. Nilichechemea mpaka kwa punda kwa kuwa ulikuwa unanitazama. Hakuna aliyenifukuza, Palomba alinifungashia zeituni na kuniomba nisikae sana. Nimeondoka mwenyewe. Nimejivuta nyuma, kama ulivyotueleza. Ila hukutuambia kama Mungu naye, alipokwisha kujivuta, alikuwa akijiuliza kila jioni iwapo wamekula.

Kwa hiyo talaka iache. Ijumaa hii rudi mapema, ukae, usiseme kitu. Taa ikichelewa, usimuulize mkeo. Mikate ikiungua, kula. Mtoto akilia, usimwite mtu. Jioni ile ulisema pia kwamba Mungu alipojivuta aliacha alama yake, kama mtungi uliomwagwa mafuta unavyobaki na utelezi ndani. Basi mtungi wangu wa mafuta uko huko nyumbani, nyuma ya mlango. Palomba akitaka kuuosha, auoshe.

Usinitumie punda mpaka aseme yeye. Barua hii msomee, na pale pa magoti usiparuke.

Nisalimieni majirani, hata hao wenye maneno. Joya nimembusu macho yote mawili. Na siku mkeo atakapoimba, niandikie ni wimbo gani. Hapana, usiniandikie. Uache uwe wake.

Ni mimi mama yako,
Orovida